Baba anaogopa kuinama, naombeni ushauri

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naandika kutoka Lamu. Baba ni fundi wa majahazi Matondoni, na mgongo unamsumbua zaidi ya mwaka sasa. Picha zimepigwa, daktari kasema hakuna mfupa uliovunjika wala mshipa uliobanwa, atembee na arudi kazini polepole. Hasikii.

Kinachonitia wasiwasi ni hofu yake. Tasbihi ikimwanguka, anashika ukuta, anabana pumzi, anashuka kwa magoti huku mgongo umekakamaa kama ubao. Anaswali kitini. Punda hapandi tena, na mkanda wa kiuno havui hata akilala.

Nimesoma kuwa mtu akijikaza hivyo misuli huchoka na kuuma, naye huzidi kuogopa, huzidi kukaa, na mwili ukadhoofu. Watafiti Vlaeyen na Linton waliueleza mzunguko huu mwaka 2000. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 nao unahimiza mazoezi, na mikanda hiyo hauipendekezi kwa maumivu sugu ya kiuno. Lakini nitamwambiaje mzee wangu kwamba kuuma si lazima kuwe kuumia, asidhani namwita mwongo? Anaumwa kweli, hilo silipingi.

Aliyewahi kumtoa mzazi kwenye hofu hii, alianzia wapi? Nafikiria nimwombe apige randa kidogo tu, au ni mapema? Na akilalamika siku ya kwanza, nimwache apumzike au nimtie moyo aendelee?