Pasipoti ya Uingereza, nyumba ya mama Tanga: nivuke Horohoro kila siku 90 mpaka 2029?

Binti Ngamiani – 11 Mei 2025

Asalaam aleikum wanajukwaa, na wengine habari za leo. Nivumilieni, ni ndefu kidogo.

Mimi mzaliwa wa Tanga, Ngamiani, mwaka 1962. Ndoa ilinipeleka Leicester, nikalea watoto huko, na 2003 nikachukua uraia wa Uingereza. Kwa Sheria yetu ya Uraia ya 1995 Utanzania wangu ukaishia siku ile ile. Nililia? Wala. Nilikuwa na watoto wawili na zamu za usiku, nani ana nafasi ya kulia. Kilio kimekuja sasa, uzeeni.

Mwaka jana nimeacha kazi. Miaka mingi ya kunyanyua wazee vitandani imenimaliza magoti. Pensheni ya serikali ya Uingereza kwa sisi tuliozaliwa 1962 huanza ukitimiza 67, yaani kwangu Agosti 2029. Mpaka hapo nina pensheni ndogo ya kazini. Kwa Leicester haitoshi kodi na gesi ya kipindi cha baridi. Kwa Tanga nakula, nashiba, na binti wa kunifulia namlipa. Nyumba ya marehemu mama ipo, barabara ya kumi na nne, iko kwa jina la kaka kwa sababu mimi "mgeni" ardhi siruhusiwi. Kaka hana neno, tunasikilizana.

Basi nimeingia Dar tarehe 12 Machi kwa viza ya matembezi, dola 50, siku 90. Jirani ananiambia nisihangaike: panda gari asubuhi hadi Horohoro, mpakani na Kenya, ingia Lunga Lunga upande wao, kunywa chai, geuza, gonga muhuri mpya, adhuhuri uko nyumbani unakoroga mchuzi. Nimepiga hesabu, mpaka Agosti 2029 ni kama mara kumi na saba. Mara kumi na saba nagonga muhuri wa utalii kwenda kwenye kitanda cha mama yangu!

Kuna aliyefanya hivi kwa muda mrefu, si mara moja? Wanakuchoka? Na ni halali, au nitakuja kuaibishwa mbele za watu na umri huu?

---

Kijana wa Chuda

Shikamoo mama. Mbona rahisi, panda boti nenda Unguja wiki moja urudi. Si kule nako kuna uhamiaji wao?

---

Mmarangu wa Göteborg

Kijana, usimpoteze mama wa watu. Unguja ni Tanzania hiyo hiyo, siku 90 zinaendelea kuhesabika ukiwa Forodhani unakula urojo. Tena mwenye pasipoti ya nje akienda kule analipa bima ya dola 44, tangu Oktoba 2024.

Dada, mimi nimeifanya miaka mitatu kasoro, kwa pasipoti ya Sweden, nikiwa kwa mzee wangu Marangu kabla hajafariki. Nilivukia zaidi mpaka wa Holili, mara chache Namanga. Nikwambie nilivyojifunza, mengine kwa gharama.

Kwanza siku. Siku 90 si miezi mitatu. Siku ya kuingia nayo inahesabiwa. Wewe umeingia 12 Machi, siku yako ya 90 ni 9 Juni, si 12 Juni. Mimi nilijidanganya hivyo hivyo, nikafika mpakani nimezidisha siku mbili, natabasamu kabisa, na mkungu wa ndizi wa shangazi mkononi. Tabasamu lilikwisha haraka.

Pili, hiyo chai ya Lunga Lunga si ya bure. Kwa pasipoti ya Uingereza unahitaji kibali cha mtandaoni cha Kenya, eTA, kilichochukua nafasi ya viza Januari 2024. Ni kama dola 30 na ushee, na uombe siku kadhaa kabla, usiombe ukiwa kwenye Noah. Binamu zako wa Tanga hawakihitaji, wewe unakihitaji. Ndiyo dunia. Halafu ukirudi ni dola 50 nyingine. Na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano uwe nayo, kwa sababu unatokea Kenya.

Tatu, na hapa ndipo penyewe. Kutoka na kurudi si kosa. Lakini viza ile ni ya kutembea, na afisa anasoma kurasa. Mara ya kwanza hakuna anayekuuliza. Mara ya tano utaulizwa unafanya nini nchini, na siku za kukupa anaamua yeye. Mpaka mmoja, sitautaja, nilipewa siku 30 badala ya 90. Sikuoneshwa kifungu chochote, nilipewa muhuri tu na jicho. Nikanyamaza, maana ukianza kubishana pale unajiongezea. Na kitu kidogo usitoe hata ukidokezwa. Ukishatoa mara moja wewe ni mteja.

Kwa hiyo usitoke na kurudi siku moja. Lala Kenya siku tatu nne, onekana mtu aliyesafiri kweli. Kila ukienda Uingereza kuona watoto, upange iangukie karibu na siku ya 90, inakupunguzia safari za mpakani. Usifanye kazi yoyote ya kulipwa, hata kumshikia mtu duka. Na mapema nenda ofisi ya uhamiaji ya mkoa uulizie kibali cha ukaazi daraja C. Ndicho wanachopewa wasio wawekezaji wala waajiriwa: wanafunzi, watafiti, wa kujitolea, na wastaafu wamo. Barua ya pensheni yako ya kazini ndiyo silaha. Mara kumi na saba, dada yangu, ni nyingi. Mimi nilichoka ya kumi.

---

Binti Ngamiani

Ahsante kaka. Tarehe 9! Mimi kwenye kalenda nilizungushia 12. Mungu akulipe.

---

Mdigo wa Ukunda

Dadangu, mkivuka msikimbilie kurudi kama mwafukuzwa! Kutoka Lunga Lunga kuna matatu mpaka Ukunda, na zingine mpaka Likoni. Pale feri ya kuvukia Mombasa, waenda kwa miguu hawalipi kitu. Gesti nzuri zipo Ukunda nje ya Diani, za bei ya watu, si zile za ufuoni.

Nyinyi mnatuuma roho jamani. Sisi Wakenya katiba ya 2010 iliruhusu uraia pacha, shangazi yangu wa Manchester ana pasipoti mbili kwenye pochi moja. Nanyi si mlikuwa na ile hadhi maalum ya diaspora, ya wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje? Imefika wapi?

---

Mmarangu wa Göteborg

Tunaifuatilia, bwana. Ikianza kutolewa mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Lakini mtu hajengi nyumba juu ya tangazo, siku ya 90 haisubiri.

---

Nesi wa Reading

Da'Binti, mambo ya mpaka sijui, lakini pensheni naijua. Una miaka mingapi ya michango? Ili upate ile kamili, iliyokuwa paundi 230.25 kwa wiki kwa mwaka wa 2025/26, wengi wanahitaji miaka 35. Ingia kwenye akaunti yako ya serikali uangalie kabla hujajisahau na madafu. Yenye pengo yaweza kulipiwa kwa hiari.

La pili wengi hawaambiwi. Ukiwa unaishi Tanzania, pensheni hiyo inaganda. Kiasi utakachoanza nacho 2029 ndicho hicho hicho ukiwa na miaka 80, nyongeza za kila mwaka hupati. Kenya nako hivyo hivyo. Hesabu bajeti yako ukijua hilo.

---

Binti Ngamiani – 6 Juni

Nimerudi jana, nawapa mrejesho.

Michango nina miaka 31. Sikujua. Nimeshaandika barua kuulizia hilo pengo, Nesi, ahsante sana.

Nilitoka Jumatatu tarehe 2. Pale Horohoro nikashuka kutafuta wa kunigongea kutoka, nazunguka na pochi yangu kifuani, mpaka askari akacheka: "Mama, kutoka unagongewa upande wa pili." Kumbe siku hizi maafisa wa nchi zote mbili wako jengo moja, unagongewa kule unakoingia. Kadi ya njano nilikuwa nayo, ila nilikuwa nimeitia ndani ya msahafu, na msahafu uko chini kabisa ya begi. Watu wote nyuma yangu wakaziona khanga zangu.

Nililala Mombasa, Mji wa Kale, kwa binti wa shangazi yangu. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa 1977 mimi nilikuwa darasa la saba, na shangazi huyo hatukumwona tena hadi ulipofunguliwa 1983. Mama alikuwa akisimama Raskazone anatazama kaskazini, kama vile ataiona Mombasa. Nimeyakumbuka nikiwa kwenye feri.

Kurudi, afisa kijana, umri wa mwanangu wa mwisho. Kafungua ukurasa, kauliza kwa Kiingereza nakwenda kutembea wapi. Nikamjibu kwa Kiswahili, Ngamiani, barabara ya kumi na nne. Kwa nani? Kwa kaka yangu. Akaniangalia, akatazama tena mahali pa kuzaliwa kwenye pasipoti. Akaandika, akapokea dola zangu 50, akagonga. "Karibu Tanzania, mama." Siku 90.

Uhamiaji nakwenda Idi ikipita, kuulizia daraja C, na ile barua ya pensheni ya kazini. Kwa sasa nimehesabu kwa vidole, nikarudia mara mbili: 2 Septemba. Nimeiandika kwa mkaa ukutani jikoni, juu ya mafiga, na kaka kaninunia kwa sababu ukuta alikuwa kaupaka chokaa ya Idi.