Mwandiko wa Yan Zhenqing, yule bingwa wa kale wa China wa kuandika kwa brashi, mbona umejaa makosa?

Wakuu naomba kueleweshwa, nimeona picha ya ule mwandiko wake wa mwaka 758, maneno yamekatwakatwa na wino umefifia, sasa unasifiwa kwa lipi?

> Mkuu ile ni rasimu ya maombolezo, alikuwa anamlilia Yan Jiming, mtoto wa binamu yake, aliyeuawa kwenye uasi wa jenerali An Lushan, na kilichopatikana ni kichwa tu. Hebu utazame toka kulia, anaanza taratibu kabisa, halafu uchungu unapanda mkono unakimbia, brashi inakaukiwa yeye anaendelea tu, anakata anaandika tena. Mi naona hapo ndo uzuri wenyewe.

> Upo Taipei, Taiwan, Makumbusho ya Kasri. 2019 ulipelekwa Tokyo, watu wakapanga foleni.

> Dah, asanteni, naurudia sasa hivi