Mgonjwa wa sirosisi anataka diklofenaki na diazepamu, ALT yake iko sawa: nimpe?

Dukani Wete
Assalaam alaykum wataalamu. Mzee wa miaka 58, homa ya ini B, ini limeshafanya makovu na tumbo limejaa maji. Anatumia tenofovia ya virusi, na spironolaktoni 100 mg na furosemidi 40 mg za kutoa maji. Magoti yanamuuma na usiku halali. Mwanawe anataka diklofenaki 50 mg ya maumivu na diazepamu 5 mg ya usingizi. Vipimo vya ini: ALT 38, bilirubini (rangi ya manjano) 48, albumini (protini ya damu) 26, INR (kuganda kwa damu) 1.8. Hiyo ALT ndiyo inayonichanganya. Nipunguze dozi au nizuie?

Mkarafuu
Waalaykum salaam. Iache ALT. Hicho ni kimeng'enya kinachovuja seli za ini zinapoumia, na ini lililokwisha seli halina cha kuvuja. Nguvu ya ini isome kwenye vitu linavyovitengeneza lenyewe: albumini na vigandisha damu, ambavyo INR huvipima. Piga hesabu ya Child-Pugh, pointi za kupima ukali wa sirosisi: bilirubini pointi 2, albumini 3, INR 2, maji ya tumbo 2 au 3, na fahamu 1 kama yuko timamu. Inakuja 10 au 11, na kuanzia 10 ni daraja C, lililo baya kuliko yote. Hapo hata dawa "salama" huwa na masharti.

Diklofenaki usimpe, iwe kidonge au sindano. Figo zake zinapata damu kwa msaada wa prostaglandini, kemikali za mwili zinazotanua mishipa, na diklofenaki inazikata hizo. Mkojo utapungua, spironolaktoni haitafanya kazi, na tenofovia inayotoka kwa njia ya figo itabaki mwilini. Na hapo hatujataja mishipa ya umio inayoweza kupasuka na kutoa damu.

Bi Hidaya wa famasi
Kwa magoti mpe parasetamoli 500 mg kila baada ya saa 6, isizidi gramu 2 kwa siku. Najua watu wataruka, maana imeenea kwamba panadol ndiyo adui wa ini. Adui ni kiasi. Sehemu ndogo ya dozi hugeuka sumu, ambayo glutathioni, kinga iliyomo kwenye ini, huizima. Mtu asiyekula vizuri akiba hiyo ni ndogo, ndiyo maana dozi tunaibana. Muulize na dawa za mafua anazomeza, nyingi zimo parasetamoli ndani.

Msimkimbilizie kodeini wala tramadoli, dawa kali za maumivu. Zote zinahitaji ini lizigeuze ndipo zitulize maumivu sawasawa, kisha zinafunga choo, na choo kikifunga inapanda amonia, taka ya utumbo ambayo ini dhaifu halisafishi.

Mkarafuu
Diazepamu sasa. Ini huanza kuioksidisha, na hiyo ndiyo kazi inayodhoofika mapema. Nusu ya dawa kutoka mwilini huchukua muda mara mbili au zaidi ya kawaida, na kinachozaliwa kutokana nayo kinalewesha vilevile. Kidonge cha leo kinakutana na cha jana na cha juzi. Lorazepamu, ndugu yake, inaruka hatua hiyo, inafungwa moja kwa moja na asidi ya glukuroniki, lakini kwa daraja C nayo isitoke dukani.

Kabla ya yote, muulizeni: mchana analala? Usiku macho, mchana usingizi, hiyo mara nyingi ni amonia inaingia ubongoni. Mwambie anyooshe mikono mbele, akunje viganja kwa nyuma na atanue vidole. Vikianguka na kurudi kama ndege apigapo mbawa, hapo dawa ya usingizi ni sumu.

Dukani Wete
Nimempigia mwanawe. Mchana analala, siku tatu hajapata choo, na viganja vinaanguka. Na propranololi 40 mg, dawa ya kushusha presha, ameandikiwa juzi, ameze mara mbili kwa siku.

Bi Hidaya wa famasi
Pointi ya fahamu imepanda basi, usiuze kitu. Ampeleke leo hospitali iliyo karibu, Wete hapo au Chake Chake, na vidonge vyote mfukoni. Huko watatafuta na kinachochochea: maambukizi ya maji ya tumbo, kutokwa damu, chumvi ya mwili iliyoshuka kwa furosemidi. Laktulosi, dawa ya kulainisha choo, huanzwa mililita 15 hadi 30 mara mbili au tatu kwa siku, ikarekebishwa hadi apate choo laini mara 2 au 3 kwa siku.

Propranololi waambie daktari kwa jina. Kwa mtu mwenye ini zima sehemu kubwa huliwa na ini kabla haijafika kwenye damu. Kwake damu ya utumbo inapita kando ya ini, kwa hiyo 40 hiyo inafika kama dozi kubwa zaidi. Presha ipimwe kabla ya kidonge cha jioni.