Naomba ushauri: kibao cha marumaru kutoka kanisa la zamani lililobomolewa

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Usharika wetu wa Kilutheri, huku Kilimanjaro, umebomoa kanisa la enzi za wamisionari wa Leipzig, Ujerumani (walifika huku 1893). Kilichookolewa ni kibao cha kumbukumbu cha marumaru, chenye maandishi ya Kijerumani, zile herufi za kizamani zenye mikia. Kwa sasa kiko stoo.

Tatizo ni mgongoni na pembeni: kumeganda chokaa ya zamani, na juu yake saruji ya ukarabati wa baadaye. Nimejaribu maji ya uvuguvugu na mswaki laini. Vumbi limetoka, saruji haijatikisika. Fundi anashauri tindikali ya kusafishia vigae. Nimekataa, maana tindikali inakula marumaru yenyewe, na herufi zitaondoka nayo. Msasa nao siutaki kabisa.

Je, saruji inatolewaje bila kupasua jiwe, au ile ya mgongoni niiache tu? Na kwenye kanisa jipya, kifungwe kwa vishikizo vya chuma kisichoshika kutu, au kipachikwe kwa saruji tena? Wazee wa kanisa wanataka saruji; mimi naona siku kikihitaji kutolewa kitavunjika.