Tikiti maji kwa mwenye kisukari, na matumizi ya ganda lake

Mwana wa Tanga:
Habari zenu, ndugu. Matikiti maji yamejaa sokoni msimu huu wa joto, lakini mama yangu, ambaye ana kisukari, ameambiwa na jirani asiyaonje kabisa. Je, katazo hilo lina msingi? Na ganda lina kazi gani zaidi ya kulishwa mbuzi?

Bibi Shamba:
Tikiti maji ni maji kwa takriban asilimia 92, na gramu 100 zake hazina hata gramu 7 za sukari. Sukari hiyo huingia haraka kwenye damu, ni kweli, ila kipande kimoja si sawa na nusu tikiti kwa mkao mmoja, wala na juisi iliyoongezwa sukari. Mama apime kabla ya kula na saa mbili baadaye, kipimo ndicho kimwongoze, si jirani. Mwenye maradhi ya figo amuulize daktari kwanza, kwa sababu ya potasiamu, madini yaliyomo kwenye tikiti ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa mwilini.

Mpishi wa Pwani:
Menya ngozi ya kijani, ukate ile nyama nyeupe vipande vidogo, uikaange kwa kitunguu, nyanya na bizari, kisha utie tui jepesi. Ikiiva hukaribiana sana na mumunye. Mbegu hukaushwa juani na kukaangwa kwa chumvi.

Mwana wa Tanga:
Ahsanteni. Nimenunua moja lenye doa la njano ubavuni.

Mpishi wa Pwani:
Hilo limeivia shambani. Lenye doa jeupe huchumwa mapema.