Begi likiwa mgongoni, vitu vidogo mnaviweka wapi? Nimepoteza glavu Meru

Mama_Uluguru
Habarini wadau. Nina swali dogo, ila mwezi wa pili lilinitia aibu mbele ya watu kumi na mmoja.

Nilikwenda Mlima Meru, njia ya Momella. Kule mnatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa ajili ya nyati na tembo, kwa hiyo hakuna cha "tangulieni, nitawakuta". Mmoja akisimama, wote mnasimama. Na msimamaji alikuwa mimi. Mara mafuta ya mdomo, mara tishu (mafua yalinikamata tangu getini), mara simu nimpige picha twiga. Vyote vimo ndani ya begi, begi liko mgongoni. Vua, fungua, fukua, funga, vaa tena. Tunafika Miriakamba, kambi ya kwanza, askari ananiita Daladala, eti kila kituo nashusha.

Hayo yalikuwa ya kucheka. Usiku wa kilele tulitoka Saddle Hut saa nane. Pale Rhino Point upepo ukatukuta, nikazitaka glavu. Ziko wapi? Chini kabisa, zimelaliwa na koti la mvua. Nikachuchumaa gizani, nikavaa moja, ya pili nikaing'ata kwa meno huku nahangaika na zipu. Nikafungua mdomo kumjibu mwenzangu, glavu ikaondoka na upepo kuelekea kreta. Nimesimama Socialist Peak, mita 4,562, mkono wa kushoto nimeuvika soksi. Picha ninayo, siirushi hapa.

Desemba tunapanda Kilimanjaro kwa Marangu, tunataka kuwa juu tarehe 9. Mizigo mikubwa watabeba wapagazi, mimi nabaki na begi langu la lita 30, mtumba wa Memorial pale Moshi. Zuri, ila mkanda wa kiunoni hauna mfuko hata mmoja. Nyie mnafanyaje?

Chipsi_Mayai
Vaa koti la mifuko mingi kama wapiga picha. Kwisha habari.

Mgumu_wa_Kilema
Chipsi, umewahi kufunga mkanda wa begi kiunoni wewe? Ukishaubana, mifuko ya chini ya koti yote imefunikwa. Ya suruali nayo, kila ukiinua goti funguo zinakuchoma paja. Inabaki ya kifuani tu.

Dada, mimi nimebeba mizigo Marangu miaka sita kabla sijaanza kuongoza wageni. Mafuta ya mdomo mchana ni kero tu, hayajamrudisha mtu. Panga begi lako kwa kuufikiria usiku wa kutoka Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Pale ni mita 4,700 na ushee, mnaondoka kwenye saa sita usiku, mikono iko ndani ya glavu nene. Kidole hakiwezi kuishika zipu ndogo. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, kata kamba ya kiatu, funga kipande cha urefu wa kidole kwenye kila zipu. Nimeona mabegi ya bei mbaya yakimshinda mwenyewe kwa kukosa hiyo kamba.

Simu na betri za akiba za tochi ziweke mfuko wa ndani wa koti, zipate joto la mwili. Kuna mgeni wangu simu ilimzimikia kileleni, akalia kabisa. Tuliposhuka Horombo akaiwasha: asilimia arobaini. Ilikuwa baridi tu.

Pipi na glukosi, mfuko wa kifuani. Pipi zivue karatasi huku huku nyumbani, maana juu hutaweza. Maji usitegemee mrija wa kunywea kutoka begini, unaganda mapema. Beba chupa ngumu, ilaze kichwa chini ndani ya soksi nene: barafu inaanzia juu, kwa hiyo ukiigeuza mdomo uko wazi.

Na glavu shona kamba ndefu, ipite ndani ya mikono ya koti kutoka glavu hadi glavu. Utaonekana mtoto wa chekechea. Vumilia.

Koti la mvua liwe juu ya vyote. Msitu wa kutoka getini hadi Mandara hauna adabu.

Fundi_Saida_Nakuru
Mfuko wa mkandani usinunue, ushone. Tafuta mwavuli ulioharibika, kile kitambaa hakipitishi maji kirahisi. Kata mfuko wa kutosha simu na upana wa vidole viwili zaidi, tia zipu nene kama ya begi la shule, nyuma weka vitanzi viwili vya kupitisha mkanda wa bega. Kama unatumia mkono wa kulia, upachike bega la kushoto. Wa kwanza niliuweka kulia, nikawa najikunja kama kuku anayejichokonoa bawa.

Sisi hupanda Longonot na vijana wa kanisa, shida yetu ni vumbi. Kwa hivyo juu ya zipu naongeza kifuniko. Nyanya yangu alikuwa anafunga pesa kwenye pindo la leso na hakuwahi kuangusha hata shilingi, mimi na mifuko yangu tisa nimeshapoteza miwani miwili.

Chipsi_Mayai
Nimesalimu amri. Lakini karatasi ya chooni?

Mgumu_wa_Kilema
Mfuko wa pembeni, ndani ya kopo lenye kifuniko. Na kopo la pili tupu, la kurudi nayo iliyotumika. Usiniulize zaidi, nakula.

Mama_Uluguru
Asanteni sana. Jumamosi nimepanda Morningside kujaribu. Mwavuli wa mume wangu umekuwa mfuko (ulikuwa mzima, msimwambie), kamba za viatu ziko kwenye zipu zote sita, na nilivaa glavu nene njia nzima kwenye jua la Morogoro. Watoto walinifuata hadi juu wakiuliza kama nina ugonjwa.

Tishu, mafuta ya mdomo, pipi: vyote nimevitoa bila kusimama. Simu bado inarukaruka kifuani nikiteremka. Fundi Saida, nikipunguza upana kidole kimoja, itatoka nikiwa na glavu?