Sijamaliza kusema "usibonyeze", yeye ameshajibu "tayari"

Wakuu, ninaandika haya saa kumi na moja alfajiri nikiwa nimesimama nyuma ya raki, lile kabati la seva, mjini Morogoro, feni za seva zikinipulizia joto usoni, baada ya kuendesha gari karibu kilomita 190 kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya kurudisha umeme wa soketi moja. Moja tu, namba 7. Aliyeizima simtaji kwa sababu mnamjua. Kila ofisi yenye raki inaye, ana nywila ya kila kitu na hajawahi kushika bisibisi tangu azaliwe.

PDU yetu, yaani kile kifaa cha soketi kinachogawa umeme kwa seva, ni ile ndefu inayosimama wima ubavuni mwa raki, ya ampea 16, na kila soketi ina relei yake unayoweza kuiwasha au kuizima ukiwa hata Bukoba, mradi kadi yake ya mtandao inafikika. Mradi inafikika! Soketi namba 7 ndiyo inayolisha swichi ya mtandao, kile kifaa kinachoviunganisha vyote na mtandao, na kadi ya PDU imechomekwa kwenye swichi hiyohiyo. Ukituma amri ya kuizima namba 7, amri inafika. Ukituma ya kuiwasha, haina pa kupita. Nilimweleza hayo, nikamwandikia kwenye karatasi, nikaibandika mezani kwake, na mara ya mwisho nilipoiona karatasi hiyo ilikuwa imewekewa kikombe cha chai.

Jana saa tano na nusu usiku akanipigia kwamba seva moja imeganda na anataka kuizima na kuiwasha. Nikamwambia asubiri nifungue kompyuta, usibonye... na hapo, ulimi wangu ukiwa bado haujaifikia silabi ya mwisho, nikasikia: "Tayari." Kikafuata kimya. Kisha akaniuliza mbona ukurasa haufunguki.

Ukurasa ule una amri tatu: Washa, Zima, na Zima Kisha Washa. Hiyo ya tatu PDU huitekeleza yenyewe, huhesabu sekunde zake na kurudisha umeme bila kumsubiri mtu, kwa hiyo hata angeigusa swichi kwa bahati mbaya tungepotea dakika chache tu. Yeye akachagua Zima. Seva iliyoganda iko namba 8, si 7. Tena seva hiyo ina pawasaplai mbili, moja upande wa A na nyingine upande wa B, yaani njia mbili tofauti za umeme, kwa hiyo hata angezima namba 8 ya upande wa A peke yake, seva ingeendelea kuganda kwa raha zake. Amekosea soketi, amekosea amri, na hata angevipatia vyote viwili asingefanikiwa. Lakini "tayari" aliitamka kama mtu aliyefunga bao la fainali.

Nikampigia mlinzi, mzee wa watu, ashushe breka ya upande wa A iliyo ukuta wa nje kisha aipandishe. Akafanya kwa uangalifu mkubwa, Mungu ambariki. PDU ikaamka, ikakumbuka kwamba namba 7 ilikuwa imezimwa, ikaiacha hivyohivyo, kwa kuwa imepangwa irudie hali ya mwisho badala ya kuwasha soketi zote. Aliyeipanga hivyo ni yeye, akasema ni kwa usalama. Ufunguo wa chumba ulikuwa mfukoni mwangu, Dar es Salaam. Kutoka Kibaha hadi Chalinze, nyuma ya malori, sikusikia muungurumo wa injini. Nilisikia "tayari" tu. Nilipofika nikachomoa plagi ya swichi kutoka namba 7 nikaichomeka namba 12 iliyokuwa tupu na yenye umeme. Sekunde nne! Kabla sijafunga mlango wa raki, ameshaandika kwenye kundi: "Huduma imerejea, asanteni kwa ushirikiano."

Ampea Kumi na Sita: Pole kwa safari, mkuu, lakini ni nani aliyeichomeka kadi ya PDU kwenye swichi inayolishwa na PDU hiyohiyo? Njia ya kuisimamia ilipaswa kuwa na ruta yake ya laini ya simu, yenye umeme kutoka kwingine. Kosa hilo lilikuwapo kabla yeye hajabonyeza chochote.

Mleta uzi: Niliomba ruta hiyo mara tatu kwa maandishi, nikajibiwa kwamba bajeti haipo. Aliyenijibu ni huyohuyo wa "tayari".

Kijana wa Zamu: Mzee wangu, "tayari" tumeisikia vya kutosha. Je, soketi hizo zina lebo? Na kama PDU yenu inaruhusu kumgawia kila mtumiaji soketi zake, kwa nini alipewa namba 7?

Mleta uzi: Lebo ipo, kijana wangu, kwa herufi kubwa: SWICHI KUU. Aliisoma. Anasema alidhani hiyo ndiyo swichi kuu ya kuzimia seva.

Mama Raki: Heri wewe, kaka, unayezimiwa soketi moja. Wa kwetu hapa Mombasa alikuta A na B zote ni za ampea 16, akapakia kila upande hadi ampea 12 na kudai kuna nafasi ya 4 bado. Siku A ilipokatika, mzigo wote wa ampea 24 ukahamia B, breka ikastahimili kidogo kisha ikaruka, raki nzima ikawa giza. Nimemweleza mpaka sauti imenikauka kwamba pande mbili huwekwa ili mmoja uweze kuubeba mzigo wote peke yake, na bado ananiuliza ile 4 tunaitumiaje.

Relei Moja: Kwetu ni hatari zaidi. PDU bado inajibu SNMP, lugha ya kusimamia vifaa kupitia mtandao, kwa maneno ya siri iliyotoka nayo kiwandani, "public" ya kusoma na "private" ya kuandika, na yeyote aliye kwenye mtandao wa ndani anaweza kuzima chumba kizima. Toleo la 3 la SNMP, lenye usimbaji, ni kiwango rasmi tangu mwaka 2002. Nilipolitaja kikaoni niliitwa mtu wa hofu.

Mama Raki: Sijamaliza. Baada ya giza lile akawasha soketi zote kwa mkupuo. Seva zikavuta umeme wa kuanzia kwa pamoja, breka ikaruka tena, akarudia, ikaruka tena. Mpangilio wa kuchelewesha kila soketi kwa sekunde chache umo ndani ya PDU tangu tuliponunua.

Ampea Kumi na Sita: Angalau zenu zinazimwa kwa amri. Kwetu plagi za C13, zile za kebo zinazoingia nyuma ya seva, zimelegea kiasi kwamba mtu akipita nyuma ya raki kwa bega pana, seva inazima. Wapi Kariakoo wanauza kebo zenye kufuli?

Mama Raki: Angalia zenye kitufe kidogo pembeni ya kichwa cha plagi, na uzijaribu hapohapo dukani, maana nyingine zinafungwa lakini hazifunguki.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Amenipigia sasa hivi. Anasema anaona soketi namba 12 inatumia umeme na haina lebo, anauliza kama aizime.

Ampea Kumi na Sita: Ahsante, dada. Na hizo za kufuli zipo za mita mbili, au ni zile fupi tu?